Upelelezi wa mauaji ya wagonjwa hospitalini

Upelelezi wa mauaji ya wagonjwa hospitalini ni kazi ya polisi na matabibu kwa pamoja, ya kubaini iwapo mtumishi wa afya amewaua kwa makusudi wagonjwa aliokabidhiwa, na kulithibitisha hilo mahakamani. Uzembe wa kitabibu haumo humu, wala kifo anachokiomba mgonjwa mwenyewe katika nchi ambazo sheria inakiruhusu.

Maiti ikikutwa barabarani na tundu la risasi, polisi hawana haja ya kuuliza kama kuna kosa, wanamtafuta aliyefyatua. Wodini ni kinyume chake. Mtuhumiwa anajulikana jina, zamu na hata mwandiko, ila kosa lenyewe ndilo halijulikani kama limetendeka. Wagonjwa hufariki kila siku, wengine wakiwa wazee au mahututi. Kuchoma sindano ni kazi halali ya muuguzi, sumu ni dawa iliyomo kabatini kwa ruhusa, na anayeandika kwenye faili kilichotokea usiku ule ni huyo huyo anayeshukiwa. Cheti kinatoka kimeandikwa kuwa moyo umeshindwa, ndugu wanazika, na kitanda kinatandikwa shuka safi kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.

Utafiti wa Beatrice Yorker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, ulikusanya mashtaka 90 ya aina hii kutoka nchi 20 tangu miaka ya 1970. Washtakiwa 54 walikuwa wametiwa hatiani. Sindano ndiyo njia iliyoongoza, na wengi wao walikuwa wauguzi. Hesabu hiyo ya wauguzi isomwe kwa tahadhari, maana ndio walio wengi hospitalini na ndio wanaokesha na mgonjwa. Daktari akiamua kuua ana nafasi pana kuliko wao, kwa kuwa anaweza kuwa ndiye anayesaini cheti cha kifo. Harold Shipman, daktari wa mtaani katika mji wa Hyde karibu na Manchester, aliitumia nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Polisi walimchunguza Machi 1998, wakafunga jalada mwezi uliofuata, naye akaua watu watatu zaidi. Kilichomponza ni wosia wa kughushi uliompa mali ya mgonjwa wake. Binti wa marehemu, mwanasheria, hakuuamini. Maiti ilipofukuliwa ilikutwa na morfini, na kompyuta ya zahanati ikaonyesha kuwa daktari alirudi kwenye mafaili ya waliokwisha kufa akawaongezea maradhi. Hakujua kwamba programu ilikuwa inaandika tarehe na saa ya kila alichokiingiza. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji 15. Tume ya Jaji Janet Smith ilikadiria kuwa waliouawa walikuwa kama 250.

Kabati la Somerville

Kesi inayofundisha zaidi namna ya kupeleleza ni ya Charles Cullen, muuguzi aliyefanya kazi miaka 16 katika hospitali tisa na makao ya wazee huko New Jersey na Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1993 mgonjwa mmoja mzee alilalamika kuwa muuguzi wa kiume amemchoma sindano asiyoandikiwa. Akafa kesho yake. Maabara ilipima karibu kemikali mia moja lakini haikupima digoksini, dawa ya moyo ambayo Cullen aliipenda. Akaachwa, akaendelea kwa miaka kumi mingine.

Mwaka 2003, katika hospitali ya Somerset mjini Somerville, kasisi mmoja alifariki akiwa na digoksini nyingi isiyoelezeka, na wagonjwa wengine wakaonyesha dalili za kuzidishiwa digoksini au insulini. Mfamasia alipopiga simu kituo cha sumu cha jimbo kuuliza hesabu za dozi, mkuu wa kituo, Dk. Steven Marcus, aliuambia uongozi waziwazi mwezi Julai kwamba kuna mtu anawatilia wagonjwa sumu na kwamba polisi waarifiwe. Simu zile zilirekodiwa. Polisi hawakuarifiwa hadi Oktoba, na katika miezi hiyo watu waliendelea kufa.

Wapelelezi wawili, Danny Baldwin na Timothy Braun, walipewa jalada lisilo na mahali pa tukio, silaha wala shahidi. Walichokuwa nacho ni kabati. Dawa za wodi zilihifadhiwa katika kabati la kompyuta lenye droo. Muuguzi huingiza jina lake, la mgonjwa na la dawa, droo inafunguka, na kila hatua inabaki kwenye kumbukumbu. Kwa mujibu wa kitabu cha Charles Graeber kuhusu kesi hii, wapelelezi waliambiwa hospitalini kuwa kumbukumbu hizo hudumu siku 30 tu. Wakampigia mtengenezaji wa mashine, akawaambia kuwa hazifutiki.

Karatasi zilipochapishwa, askari hawakuziona maana yake. Aliyeziona ni Amy Loughren, muuguzi aliyekuwa rafiki wa Cullen na mwenzake wa zamu za usiku. Aliona maombi ya digoksini yaliyofutwa mara tu baada ya kuingizwa, tena na tena. Kwa asiyejua wodi, agizo lililofutwa ni kosa la kidole. Loughren alijua kuwa droo hufunguka kabla agizo halijafutwa, kwa hiyo dawa inatoka na hesabu inabaki sifuri. Naona hapa ndipo kesi iliposhindwa au kushinda: ushahidi ulikuwepo muda wote, ila ulihitaji macho ya mtu wa kazi hiyo. Loughren akakubali kufichwa kinasa sauti na kukutana na Cullen mgahawani. Cullen alikamatwa Desemba 12, 2003. Ili kuepuka hukumu ya kifo alikubali kuwasaidia wapelelezi kuwatambua aliowaua kwa kupitia mafaili yao, akakiri mauaji 29. Mwaka 2006 mahakama ya New Jersey ilimpa vifungo 11 vya maisha.

Maeneo 67 ya makaburi

Ujerumani ilipitia njia ndefu zaidi. Niels Högel, muuguzi wa wagonjwa mahututi huko Oldenburg na kisha Delmenhorst, alikuwa akiwasimamisha wagonjwa moyo kwa dawa ili aonekane hodari wa kuwarudisha. Tangu 2001 watu wa Oldenburg waliweka orodha ya nani alikuwepo kila moyo uliposimama, na jina lake lilikuwa likijirudia. Hata hivyo aliondoka na barua nzuri ya sifa. Juni 2005 muuguzi mwenzake wa Delmenhorst alimfumania kando ya mgonjwa. Damu ilichukuliwa, ikapatikana ajmalini, dawa ya moyo. Lakini aliachwa amalize zamu zilizobaki kabla ya likizo, na mtu mwingine akafa.

Hukumu ya mwaka 2008 ilikuwa ya jaribio la kuua tu. Miaka sita baadaye polisi waliunda kikosi maalumu kikaanza kufukua: miili 134 kutoka maeneo 67 ya makaburi, mingine nje ya Ujerumani. Ajmalini ilisaidia kwa kuwa huweza kugundulika baada ya miaka mingi ardhini. Miili iliyochomwa moto badala ya kuzikwa haikuwa na ushahidi wa kufukua. Juni 2019 Högel alitiwa hatiani kwa mauaji 85, akaachiwa mashtaka 15 kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Maabara

Kila sumu ina tabia yake. Insulini inayotengenezwa na mwili hutoka pamoja na kipande kiitwacho peptidi C. Insulini ya chupa haina. Damu yenye insulini nyingi na peptidi C kidogo huashiria sindano, ingawa vipimo vya kawaida vya hospitali havikubuniwa kwa kesi za jinai na mawakili huvihoji kwa haki. Kabla ya ujuzi huo, mwaka 1957 huko Bradford, wataalamu walikata nyama iliyozunguka alama za sindano kwenye mwili wa mke wa muuguzi Kenneth Barlow, wakaidunga dondoo yake kwenye panya. Panya wakatetemeka kama waliopewa insulini. Digoksini hupanda katika damu ya moyo baada ya kifo, hivyo damu ya pajani huaminika zaidi. Potasiamu ni ngumu kuliko zote, maana seli za kila maiti huimwaga zenyewe.

Takwimu na hatari yake

Maabara ikinyamaza, wapelelezi hukimbilia ratiba ya zamu. Hapo ndipo pa kuogopa. Lucia de Berk, muuguzi wa The Hague, Uholanzi, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2003, na rufaa ya 2004 ikamhesabia mauaji saba. Mahakama ya kwanza ilisikia kwamba uwezekano wa yeye kuwepo kwenye matukio yote hayo kwa bahati ni mmoja katika milioni 342. Hesabu ilikuwa mbovu. Vifo vilianza kuitwa vya kutiliwa shaka baada ya yeye kutiliwa shaka, na vilivyotokea asipokuwepo havikutafutwa kwa bidii ile ile. Mtaalamu wa takwimu Richard Gill na mwanafalsafa Ton Derksen walikuwa miongoni mwa waliopigania kesi irudiwe, na Aprili 2010 alisafishwa kabisa.

Chama cha Takwimu cha Uingereza kilitoa ripoti mwaka 2022 kuhusu mitego hiyo. Mwaka uliofuata Lucy Letby, muuguzi wa watoto wachanga huko Chester, alitiwa hatiani kwa mauaji saba, lakini Februari 2025 jopo la madaktari wa nchi kadhaa chini ya Shoo Lee lilisema halikuona ushahidi wa mauaji, na mawakili wake wakaomba kesi ipitiwe upya. Njia salama ni daktari anayesoma mafaili asijue nani alikuwa zamu.

Kuhamahama

Wauaji wengi waliwahi kuondolewa kimya kimya kabla ya kushtakiwa. Daktari Michael Swango alifungwa Illinois mwaka 1985 kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenzake, akatoka, akapata kazi nyingine, na mwaka 1994 akaajiriwa katika hospitali ya misheni ya Mnene nchini Zimbabwe kwa nyaraka za uongo. Wagonjwa wakaanza kufa. Alikamatwa Chicago mwaka 1997, akiwa njiani kwenda kazini Saudi Arabia.

New Jersey ilitunga sheria mwaka 2005 inayozilazimisha hospitali kutoa taarifa za watumishi wanaohatarisha wagonjwa na kuambizana ukweli mwajiri mpya anapouliza. Nchini Uingereza, tume ya Shipman ilishauri mwaka 2003 kwamba kila kifo kikaguliwe na mtu huru asiye daktari aliyemtibu marehemu. Ukaguzi huo ulianza kuwa wa lazima kisheria Uingereza na Wales Septemba 9, 2024.