Mto Unaojaa Jua Likiwaka

Historia hupenda gharika. Mwaka ambao maji yaliua watu na kubomoa daraja huandikwa vitabuni. Mwaka ambao mto ulipanda hadi kwenye shina la mwembe, ukakaa siku nne, kisha ukarudi, hauandikwi popote. Mimi niliyeishi kati ya Kibaha na Kisarawe naamini kwamba miaka hiyo midogo ndiyo yenye mafunzo zaidi.

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, ukapokea maji ya Mgeta na Ngerengere, ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo huweza kujaa huku kwetu hali jua linawaka, kwa sababu mvua ilinyesha milimani siku zilizopita na maji ndiyo kwanza yanafika. Mgeni hutazama mawingu; mwenyeji hutazama rangi ya maji. Yakiwa mekundu na kubeba vigogo, huhamisha mbuzi. Msimbazi, uanziao vilima vya Pugu huko Kisarawe, ni mfupi, na hautoi muda huo. Mvua ya vilimani huwafikia watu wa Jangwani siku hiyo hiyo.

Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 ilimbidi kuvuka Ruvu, ambao wazungu wa wakati ule waliuita Kingani, kwa mitumbwi. Wajerumani walianza reli yao Dar es Salaam mwaka 1905, wakavuka bonde la Ruvu na kufika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1959 ukajengwa mtambo wa maji wa Ruvu Juu, Mlandizi, na mto wa mkulima na mvuvi ukawa pia mto wa jiji. Tangu hapo una habari mbili. Jijini huzungumzwa unapopungua, kama mwaka 2022 maji yalipotolewa kwa mgawo. Mwaka uliofuata ujenzi wa bwawa la Kidunda ukaanza. Bondeni huzungumzwa unapopanda.

Wazee niliowakuta walijenga mwinukoni na kulima mpunga bondeni. Tope la mafuriko madogo lilikuwa mbolea yao. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na mti fulani, kichuguu fulani, na kumbukumbu ya mahali maji yalipoishia. Siku hizi viwanja huuzwa wakati wa kiangazi, bonde likiwa kavu na jani limekatwa vizuri. Mnunuzi akisikia habari ya mafuriko hukumbuka El Niño ya 1997 na 1998, akajipa moyo kwamba mambo yale hayatokei kila mwaka.

Ni kweli, hayatokei kila mwaka. Lakini maji ya kufika magotini yanatosha kujaza choo, kuchafua kisima, kuozesha mahindi ghalani na kuleta kipindupindu. Hayo hayahitaji El Niño. Masika ya kawaida yanaweza.

Maji hufuata mkondo, nasi tunazika kila mwaka watu wanaoujua mkondo huo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kiwanja karibu na mto, usimuulize anayeuza. Mtafute bibi anayelima jirani, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi, si mwaka wa gharika, bali mwaka ambao hakuna aliyeuandika.