Karuho, ini na skana: historia fupi

Mimi nilisoma historia, sikusoma udaktari, lakini leo nataka tuongelee chombo kimoja cha hospitali: skana. Juu hapa Bukavu, toka Kadutu hadi Bagira, mtu akivimba tumbo, akakonda, macho yakawa manjano, neno la kwanza linalotoka ni "karuho". Amelishwa sumu. Halafu anatafutwa aliyemlisha: jirani, mke mwenza, mama mkwe. Njo maana historia hii inatuhusu.

Inaanzia Afrika. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur, mjini Cape Town, ilibaki bila mwanafizikia, na sheria ilitaka awepo mmoja wa kusimamia vifaa vya mionzi. Wakamwazima Allan Cormack, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mzaliwa wa Johannesburg. Aliona madaktari wanapiga hesabu ya mionzi sawa vile mwili wote ni kitu kimoja, mfupa na nyama bila tofauti. Akajiuliza: tukipitisha mionzi toka pande nyingi, hesabu haiwezi kutuonyesha kilicho ndani? Jibu alilitoa katika maandishi mawili, 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyeyajali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield alifika palepale kwa njia yake, na tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa, London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Nobel.

Kwa ini kazi ilikuwa bado. Skana za kwanza zilienda polepole, mgonjwa anapumua, picha inachafuka. Mwisho wa miaka ya 1980 zikaja zile zinazozunguka bila kusimama, ndipo waganga wakaweza kufuata damu yenyewe. Ini hunywa kwenye mito miwili: kama robo tatu ya damu yake huletwa na mshipa unaotoka matumboni, robo inayobaki huletwa na ateri. Kansa iliyozaliwa ndani ya ini hunywa zaidi kwenye ateri. Basi mgonjwa akidungwa dawa ya kung'arisha damu, picha hupigwa kwa zamu: karibu sekunde 30, tena karibu sekunde 70, tena baada ya dakika chache. Kansa hiyo kwa kawaida hung'aa mapema, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka. Uvimbe wa mishipa ya damu, ambao si kansa na wengi wanazeeka nao, hung'aa pembeni kwanza, ukajaa polepole kuelekea katikati. Si kila picha inamaliza maneno. Mara zingine lazima kitolewe kipande kidogo cha nyama kipimwe.

Sasa turudi kwenye karuho. Kansa ya ini kwetu Afrika ina wazazi wanaojulikana. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini B, ambavyo Baruch Blumberg na wenzake walivifikia katika miaka ya 1960. Wa pili ni aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyowekwa na unyevu. Kumbe sumu iko kweli! Lakini hakuna mkono wa jirani ndani yake.

Najua skana inakula franga, na familia nyingi hazina. Ila ekografia ni bei nafuu zaidi, na kipimo cha damu cha homa ya ini B ni kitu kidogo. Chanjo yake imo ndani ya ile sindano watoto wetu wanayodungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Karanga tunaweza kuzianika vizuri na kutupa zenye ukungu.

Ombi langu kwenu mliosoma: kwenye kilio, kabla jina la mtu halijatajwa, mmoja wetu asimame aulize. Damu ilipimwa? Ini lilipigwa picha? Swali hilo linaweza kumwokoa mama mzee mmoja asifukuzwe katika nyumba yake.