Ngulube ya chumvi na moshi: mboga, majani na kinywaji vya kuisindikiza

Familia inayochinja ngulube mara chache inamaliza nyama yote siku ileile. Fasi ambako frigo haiko, ao iko lakini umeme unakuja saa mbili tu kwa siku, nyama inayobaki inapakwa chumvi, inaachwa itoe maji, kisha inatundikwa juu ya moto wa kuni kwa siku kadhaa. Mu alimantasio za mujini kuko pia ile ya kiwanda: jamboni, sosiso za moshi, na nyama ya tumbo iliyokatwa vipande vyembamba. Zote ziko na tabia moja: chumvi nyingi, moshi na mafuta. Mupishi akikumbuka mambo hayo matatu, kuchagua mboga na kinywaji hakumupi taabu.

Chumvi kwanza

Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya nyama, na vijidudu vinavyoozesha nyama havipendi fasi kavu. Moshi unakausha upande wa juu na kuacha ile harufu ambayo watu wanaisikia toka mbali. Ila chumvi yote ile haiendi popote, inabaki ndani. Kwa hiyo nyama iliyotiwa chumvi nyumbani inalowekwa kwanza mu maji baridi, vipande vidogo saa chache, mapaja makubwa usiku muzima, na maji yanabadilishwa mara mbili ao tatu. Kisha inaanza kupikwa mu maji mapya. Chumvi haiongezwi, na Maggi haiongezwi. Anayeonja mwishoni ataona kama kumekosekana kitu. Mara nyingi hakukosekani.

Hii si mambo ya ladha tu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaomba mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo chumvi ya mukate na ya mboga inahesabiwa pia. Mwenye tansio anaweza kumaliza kiasi hicho kwa sahani moja ya ngulube ambayo haikulowekwa. Njia nzuri ni kuichukua nyama hii kama kiungo: kipande kidogo kinachotia ladha mu sufuria kubwa ya mboga, kuliko mboga kidogo pembeni ya mulima wa nyama.

Maharagi ndiyo yanaionyesha vizuri

Maharagi yanapikwa bila chumvi mpaka yalainike nusu, ndipo ngulube inaingia. Maharagi yanakunywa chumvi na mafuta, nyama inapungua ukali, na supu inakuwa nzito. Afazali kuanza mapema: Goma na Bukavu ziko karibu metre 1.500 juu ya bahari, maji yanatokota mbele ya kufika digri 100, ndiyo sababu maharagi inachelewa kuiva na makala inaisha.

Wabrazili wamejenga chakula chao kinachojulikana zaidi juu ya jambo hili. Feijoada ni maharagi meusi yaliyopikwa pamoja na ngulube ya chumvi na ya moshi, na pembeni kunawekwa wali, majani mabichi yaliyokaangwa kidogo, unga wa muhogo uliokaangwa, na vipande vya machungwa. Machungwa hayakuwekwa kwa kupamba sahani. Uchachu wake unakata mafuta mudomoni, na mutu anaweza kuendelea kula. Mukaaji wa Uvira ao Beni atatambua vitu hivyo karibu vyote sokoni kwake.

Shu nayo iko na historia ndefu na ngulube. Mu Alsace, mashariki ya Ufaransa, shu inakatwa nyembamba, inatiwa chumvi na kuachwa ichache, kisha inapikwa na nyama ya moshi, majani ya lorie na divai nyeupe. Asiye na shu ya kuchachisha anaweza kuikaanga mu mafuta yaliyotoka mu nyama yenyewe, pamoja na matungulu, na kuikamulia ndimu wakati inatoka motoni. Lenga-lenga inapikwa vilevile, ila haraka. Nyanya chungu inafaa sana, juu uchungu wake unapambana na mafuta. Kwa sombe, mupishi apunguze mawese: mawese na mafuta ya ngulube pamoja vinalemea tumbo. Makemba, viazi ao fufu isiyo na chumvi vinamaliza kazi, kwani vyenyewe havina ladha kali na vinapokea ya nyama.

Majani yako na saa yake. Lorie na tim vinaingia toka mwanzo, juu vinatoa harufu polepole. Ai na tangawisi vinaingia na matungulu. Seleri na persil zinakatwa na kutiwa dakika chache mbele ya kushusha sufuria, la sivyo harufu yake inakwenda na mvuke. Pilipili ni haki ya kila mutu, lakini ikizidi inafunika moshi, na hapo hakukuwa na sababu ya kuikausha nyama siku zote zile.

Kinywaji

Bia inapatana na nyama hii kwa uchungu wake na povu yake, vinavyosafisha mudomo. Kasiksi, pombe ya ndizi, iko na utamu na uchachu kidogo, na inafaa zaidi kwa nyama kavu yenye chumvi nyingi. Asiyekunywa pombe hapotezi kitu: juzi ya marakuja isiyotiwa sukari nyingi, maji ya ndimu, tangawisi, ao chai ya moto ya sitroneli vinafanya kazi ileile. Kitu kinachoshindwa ni soda tamu sana, inayoongeza kiu. Lotoko nayo inaua ladha yote.

Na haiui minyoo. Hapo ndipo kuko hatari yenyewe. Ngulube iliyokula kinyesi cha watu inaweza kubeba tenia, na mu nyama yake kunaonekana punje nyeupe sawa mchele. Nyama hiyo hainunuliwi, hata bei ikishuka. Punje zingine hazionekani kwa macho, na moshi wa nyumbani hauhesabiwi kuwa umeziua. Pombe, ndimu na pilipili haziziui. Moto ndio unaziua. Nyama ikatwe vipande vya unene wa vidole viwili na itokote saa moja. Rangi isimudanganye mutu: jamboni ya kiwanda inabaki nyekundu-nyekundu hata ikiiva, kwa sababu ya nitriti iliyotiwa ndani.

Anayekula nyama yenye punje ambayo haikuiva anapata munyoo wa tumboni. Mayai ya munyoo huo yanatoka chooni na kupita mu mikono na maji machafu, na yakiingia mudomoni mwa mutu, hata asiyegusa ngulube maisha yake yote, mbegu zake zinaweza kufika mu ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo nyumba ya Mwislamu ao ya Muadventiste haiko salama kwa kutokula ngulube peke yake. Choo kilichofungwa, mikono iliyonawiwa na ngulube isiyotembea ovyo vinahusu mutaa muzima.

Hii nyama si ya kila siku pia. Mwaka 2015 kituo cha OMS cha uchunguzi wa kansa kiliweka nyama za namna hii, zilizohifadhiwa kwa chumvi ao moshi, kati ya vitu vinavyoleta kansa ya utumbo, na kilihesabu kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari kwa asilimia 18. Anayeikula siku ya sikukuu hahesabiwi sawa na anayeitia kila asubuhi mu mukate.

Kunabaki mifupa, ngozi na maji ya kulowekea. Wengi wanayamwangia ngulube zao. Homa ya ngulube ya Afrika, ambayo watu wanaiita pesti, ilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na mpaka leo inamaliza mazizi mu Kivu. Haimushiki mutu, na hakuna dawa ya kuiponya. Virusi yake inaweza kuishi miezi ndani ya nyama ya chumvi na ya moshi. Mwaka 1957 iliingia Ureno kupitia mabaki ya chakula cha ndege yaliyopewa ngulube karibu na kiwanja cha ndege cha Lisbon. Mifupa na mabaki yachomwe ao yazikwe ndani sana, fasi ambako imbwa haichimbi, na maji ya kulowekea yamwangwe ndani ya choo, mbali na zizi.