Pamba Ilihesabiwa, Mpaliliaji Akaachwa

Sheria ya Hifadhi ya Jamii, aliyoitia saini Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, haikuwagusa vibarua wa mashambani wala watumishi wa ndani. Katika majimbo ya Kusini ya Marekani, hizo ndizo kazi walizozitegemea Weusi wengi. Wanahistoria bado wanabishania sababu. Wako wanaoona hapo mkono wa wanasiasa wa Kusini. Wengine humtaja Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, aliyeiambia kamati ya Kongresi Februari 1935 kwamba kukusanya makato ya watu hao kungekuwa kazi ngumu mno. Nao hukumbusha kwamba, kwa hesabu ya nchi nzima, wengi wa walioachwa walikuwa Weupe.

Hoja ya Morgenthau si ya kupuuzwa. Mkulima wa kugawana mavuno kule Arkansas au Mississippi hakuwa na mshahara wa mwezi. Alikula kwa mkopo hadi pamba iuzwe, ndipo akaambiwa deni lake limefika wapi, na daftari lilikuwa mikononi mwa yuleyule aliyemdai. Makato yangekatwa kwenye nini?

Lakini tuitazame pamba yenyewe. Bei yake, iliyokaribia senti 17 kwa ratili mwaka 1929, ilikuwa chini ya senti 6 miaka miwili baadaye. Kwa sheria ya kilimo ya Mei 1933, serikali iliwalipa wakulima wapunguze zao hilo, na kwa kuwa mbegu zilikwisha kuota, takriban ekari milioni 10 zilipitishwa plau upya. Mabwana shamba walizunguka wilaya kwa wilaya, wakasainisha mikataba na kukagua mashamba, na hundi zikatoka Washington. Serikali iliyoweza kujua ekari za kila shamba ilishindwaje kumjua anayezipalilia?

Ilimjua. Mkataba wa pamba wa 1934 na 1935 ulimpangia fungu lake: nusu senti kwa ratili, mwenye shamba akichukua senti 4. Ulimtaka pia mwenye shamba abaki na wapangaji wake kadiri itakavyowezekana, na kupitia mwanya huo wengi wakatimuliwa. Julai 1934, wakulima Weusi na Weupe waliunda chama chao huko Tyronza, Arkansas. Februari 1935, mwezi uleule wa ushahidi wa Morgenthau, wanasheria wa idara ya kilimo waliojaribu kukaza kipengele hicho, akiwamo Jerome Frank, walifukuzwa kazi.

Kamati zilizoshika muswada wa hifadhi ya jamii ziliongozwa na Robert Doughton wa North Carolina na Pat Harrison wa Mississippi, watu wa majimbo ambako Mweusi alizuiwa kupiga kura. Sidhani kulihitajika njama. Ugumu alioueleza Morgenthau ulikuwa wa kweli, ila uliwafaa mno wenye mashamba kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kuutatua.

Anayeshuku na aisome sheria ya viwango vya kazi ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha senti 25 kwa saa. Humo hamkuwa na makato ya kukusanya hata senti moja, na vibarua wa mashambani na watumishi wa ndani waliachwa vilevile. Hifadhi ya jamii ilianza kuwafungulia mlango kwa marekebisho ya 1950, tena wale tu wenye ajira ya kudumu.