Barua ya Utambulisho na Cheti cha Polisi: Jinsi Makanisa Yalivyojifunza Kuwachunguza Walezi wa Watoto

Desturi ya kuuliza habari za mtu kabla ya kumkabidhi kazi ni ya zamani kama Kanisa lenyewe. Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa wote, na mlango haukufunguliwa mpaka Barnaba alipomchukua na kusimama kama shahidi wake. Paulo naye, alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za askofu, hakuridhika na ushuhuda wa ndugu wa ndani peke yao. Alitaka pia watu walio nje waulizwe. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba agizo hilo lilisomwa kwa karne nyingi katika ibada za kuwekwa wakfu, lakini halikutumiwa kwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, wa Berlin waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na utaratibu wa vitabu. Ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi viliandikwa. Mkristo aliyehama alichukua barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wake, na baraza la wazee la kule alikokwenda liliisoma kabla ya kumpokea mezani pa Bwana. Barua hiyo ilijibu swali moja kubwa: je, mtu huyu ni mshirika mwenye haki zote, au yuko chini ya marudi ya Kanisa? Kuhusu kukaa na watoto wa wenzake haikusema neno, wala hakuna aliyedhani kwamba ilipaswa kusema. Mwalimu wa watoto alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, na kijiji kizima kilimjua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Kujuana huko ndiko kulikokuwa cheti cha wazee wetu, na kulikuwa na nguvu yake. Lakini kulikuwa na udhaifu wake pia. Mtu aliyejulikana mno hakuulizwa, na mtoto aliyelalamika juu ya mtu anayeheshimiwa aliambiwa anyamaze. Usharika wa mjini ulipokua, ukajaa watu waliotoka mikoa mbalimbali, kujuana kukapungua, ila mazoea ya kutouliza yakabaki palepale.

Mataifa yaliyotangulia kudai cheti cha polisi kwa watu wazima wanaofanya kazi na vijana hayakufanya hivyo kwa hekima ya mapema. Yalisukumwa na misiba. Katika mji mdogo wa Dunblane, Scotland, tarehe 13 Machi 1996, Thomas Hamilton aliingia katika shule ya msingi akiwa na bastola, akawaua watoto 16 pamoja na mwalimu wao. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulionyesha kwamba mtu huyo hakuwa mgeni kwa walezi wa vijana. Alikuwa kiongozi wa skauti, na mwaka 1974 chama kilimwondoa katika uongozi kwa sababu ya mashaka juu ya mwenendo wake. Hakushtakiwa, hivyo hakuwa na rekodi yoyote ya uhalifu. Alichofanya ni kuanzisha vilabu vyake mwenyewe vya mazoezi ya viungo kwa wavulana, akikodi kumbi za shule. Skauti walikuwa wamelilinda kundi lao. Watoto wa vilabu vingine hawakuwa na wa kuwalinda. Katika taarifa yake ya mwaka huohuo Cullen alipendekeza uwepo utaratibu wa taifa wa kuvithibitisha vilabu na vikundi vinavyohudhuriwa na watoto kwa hiari. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Polisi ya 1997, ambayo iliweka msingi wa vyeti vya rekodi za uhalifu kwa ajili ya waajiri na vyama vya kujitolea. Ofisi ya kutoa vyeti hivyo kwa England na Wales ilianza kazi mwezi Machi 2002.

Miezi mitano tu baadaye ulitokea msiba uliouonyesha ulimwengu jinsi cheti kinavyoweza kusema kweli na bado kisiseme lolote. Tarehe 4 Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, mkoa wa Cambridgeshire, wasichana wawili wenye umri wa miaka 10 walitoweka. Aliyewaua alikuwa Ian Huntley, mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapo, aliyeajiriwa mwezi Novemba 2001. Alitiwa hatiani tarehe 17 Desemba 2003, na hapo ndipo umma ulipoelezwa yale ambayo baraza la hukumu halikuambiwa. Kati ya mwaka 1995 na 1999, alipokuwa akiishi eneo la Humberside, alikuwa ametajwa kwa polisi mara nane juu ya makosa ya kujamiiana, yakiwamo madai ya uhusiano na wasichana wadogo. Hakuna shauri hata moja lililofikia hukumu.

Serikali ilimteua Michael Bichard kuchunguza ilikuwaje mtu wa namna hiyo akabidhiwe funguo za shule. Taarifa yake ya Juni 2004 inastahili kusomwa na kila baraza la wazee, kwa maana haina mtu mmoja mwovu wa kutupiwa lawama ndani ya ofisi hizo. Ina watu wengi waliofanya kazi yao nusunusu. Huntley aliomba kazi kwa jina la Nixon, lakini katika fomu alikiri kwamba aliwahi kuitwa Huntley. Polisi wa Cambridgeshire hawakulitafuta jina hilo la pili katika kompyuta ya taifa. Kwa upande wa Humberside, kila tuhuma ilishughulikiwa peke yake, na kumbukumbu hazikutunzwa kwa namna ambayo ingemwezesha mtu kuziweka tisa au nane pamoja na kuona sura moja. Viongozi wa polisi walitoa sababu ya sheria ya kulinda taarifa za watu, na Bichard hakuikubali. Shule nayo ilipokea barua za sifa ambazo mwombaji alikuja nazo mwenyewe mkononi, bila kuwauliza walioziandika.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo mara nyingi husahauliwa. Wasichana wale hawakusoma katika shule aliyofanya kazi Huntley. Walikuwa wa shule ya msingi ya jirani, na walimfahamu kwa sababu mchumba wake alikuwa msaidizi wa mwalimu katika darasa lao. Hata cheti kilichotafutwa kwa uangalifu wote kingekuwa kinalinda mlango ambao watoto hao hawakupitia. Hiyo si hoja ya kukidharau cheti. Ni ukumbusho kwamba imani ya mtoto hupita kutoka kwa mtu mzima anayemwamini kwenda kwa mwenzake, na hakuna ofisi inayoweza kuiandikia imani hiyo hati.

Baada ya Soham, Uingereza ilikimbilia upande wa pili. Mwezi Septemba 2002 serikali ilitaka watumishi wa shule wahakikiwe kabla ya muhula kuanza. Maombi yakalundikana, baadhi ya shule zikachelewa kufungua, na amri ikalegezwa. Sheria ya mwaka 2006 iliandaa daftari ambalo lingewasajili watu zaidi ya milioni 11. Mwaka 2009 waandishi kadhaa wa vitabu vya watoto, miongoni mwao Philip Pullman, walisema afadhali waache kuzitembelea shule kuliko kusajiliwa kana kwamba ni washukiwa. Serikali mpya ilisimamisha mpango huo mwaka 2010, ikaupunguza kwa sheria ya 2012, na tarehe 1 Desemba mwaka huo ofisi mbili zilizokuwapo ziliunganishwa kuwa moja. Hata hivyo kiini cha ushauri wa Bichard kilibaki: kwa kazi zinazomweka mtu karibu na watoto, polisi waweza kueleza si hukumu tu bali pia taarifa nyingine wanazoona zinahusika.

Kwa Walutheri, somo lililo karibu zaidi limetoka Ujerumani, katika makanisa yaliyowatuma wamisionari waliotajwa hapo juu. Mwaka 2010 ulikuwa mwaka wa kufunuliwa kwa mambo mengi huko. Katika mji wa Ahrensburg, karibu na Hamburg, ilijulikana kwamba mchungaji mmoja aliwadhulumu vijana wa usharika wake katika miaka ya 1970 na 1980, na kwamba alihamishwa baada ya malalamiko kufika mwaka 1999. Muda wa kumshtaki ulikuwa umepita. Maria Jepsen, mwanamke wa kwanza duniani kuwa askofu wa Kilutheri, alilaumiwa kwamba alijua habari hiyo. Alikana, lakini mwezi Julai 2010 alijiuzulu kwa kuwa aliona neno lake haliaminiwi tena. Angalia: mchungaji yule angeomba cheti cha polisi, angekipata kikiwa cheupe kama theluji. Kilichofanya hivyo ni uhamisho wa kimya kimya, ambao ni kazi ya ofisi ya Kanisa, si ya polisi.

Sheria ya Ujerumani ilibadilika haraka. Tangu Mei 2010 hutolewa cheti maalumu cha mwenendo kwa ajili ya wanaofanya kazi na watoto, kinachoonyesha makosa ya kujamiiana hata pale ambapo hukumu ni ndogo mno kuonekana katika cheti cha kawaida. Kuanzia Januari 2012 sheria iliwafikia watu wa kujitolea pia, wakiwamo viongozi wa kambi na wasaidizi wa madarasa ya kipaimara. Wanaojitolea hawalipii. Wazee wengi wa Kijerumani walinung'unika mwanzoni. Mama aliyefundisha watoto miaka thelathini aliona ni fedheha kwenda ofisi ya mji kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye si mhalifu. Manung'uniko hayo yanaeleweka, ila yalitoka kwa wale ambao karatasi haikuwa na la kusema juu yao.

Tarehe 25 Januari 2024 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi ulioagizwa na Kanisa la Kiinjili la Ujerumani lenyewe. Walipata watuhumiwa 1,259 na waathirika 2,225 tangu mwaka 1946, wakaonya kwamba hesabu hiyo ni pungufu sana, kwa kuwa katika makanisa 20 ya majimbo ni moja tu lililowapa majalada yote ya watumishi kwa namna waliyoomba. Takwimu zilitangazwa kila mahali. Lakini pale ambapo Mkristo anapaswa kusoma polepole ni pengine. Watafiti waliandika kwamba waathirika walihimizwa kusamehe kabla ya mtu yeyote kuwasikiliza, na kwamba upendo wa amani katika usharika ulifanya anayelalamika aonekane ndiye mvunja amani.

Neno hilo linagusa mahali penye maumivu katika sharika za nchi hii. Marudi ya Kanisa yalikuwa na njia yake: aliyeanguka alitengwa, akatubu mbele ya usharika, akarudishwa kundini, na jambo likafungwa. Kwa dhambi nyingi njia hiyo ni njema na imewaokoa wengi. Aliyemdhuru mtoto akitubu, mlango wa rehema haufungwi kwake. Hilo Mlutheri hawezi kulikana bila kukana mafundisho yake yote. Lakini kurudishwa mezani pa Bwana si sawa na kurudishiwa darasa la watoto. Jambo la pili si haki ya mshirika hata kidogo. Katika desturi ya zamani mambo hayo mawili hayakutenganishwa, kwa sababu aliyerudi kundini alihesabiwa amerudi kamili, na kukumbusha kosa lake kulionekana ni kukosa upendo.

Sheria za Tanzania zimekwenda mbele ya desturi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji pale anapojua mtoto anadhulumiwa. Wajibu huo unamwangukia mzee wa Kanisa sawa na mtu mwingine, wala hauondolewi na kikao cha suluhu kati ya familia mbili.

Cheti cha polisi nacho kipo, na hutolewa kwa alama za vidole. Jambo hilo lina faida kubwa mahali ambapo mtu mmoja huwa na jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la babu, kisha akatumia moja shuleni na jingine kazini. Kidole hakibadilishi jina kama Nixon. Mpaka sasa wengi hukitafuta kwa ajili ya safari ya ng'ambo au ajira. Vijana wa kujitolea wanaotoka Ujerumani kuja kukaa katika vituo na shule za Kanisa huhakikiwa kwao kabla ya kuondoka. Mwenyeji atakayefanya nao kazi chumba kimoja mara nyingi hajaulizwa lolote.

Barua ya utambulisho ingali inaandikwa. Kwa kawaida ina jina la mshirika, ubatizo wake, kipaimara, ndoa, na neno moja juu ya kushiriki Chakula cha Bwana, kisha sahihi ya mchungaji na muhuri. Hakuna mstari unaouliza kama mtu huyo aliwahi kuondolewa katika huduma ya watoto, na kwa nini.