Macho yakigeuka juu ni dawa, si mashetani (Sehemu ya 6)

Wamama, reli inayopita Tura, jirani na njia ya zamani ya misafara, ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1927 Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili ikafunguliwa Dodoma, kwenye reli hiyohiyo. Dawa za kutuliza sauti na hofu hazikuwepo bado. Kloropromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa hao Ufaransa mwaka 1952, haloperidoli ikatengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Mpaka leo tunazitumia.

Zimesaidia wengi, ila macho nayo huguswa. Kloropromazini inaweza kumfanya mtu aone ukungu akisoma. Haloperidoli, hasa siku za mwanzo na kwa vijana, inaweza kukaza misuli: macho yanageuka juu yanakwama, shingo inapinda. Ndugu wanasema kapandisha mashetani, wanamkimbiza kwa mganga, dawa inaachwa, ugonjwa unarudi.

Jamani, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, na dawa zake mkononi. Ipo sindano ya kulegeza misuli. Usimwachishe dawa mwenyewe. Daktari atapunguza dozi au atabadilisha. Na jicho likiuma ghafla, jekundu, haoni vizuri, usisubiri kesho.