Visiwa vya Mbolea

Mkulima auzapo gunia la mahindi, hauzi mahindi peke yake; huuza pamoja nayo sehemu ya nguvu za shamba lake. Maana mmea haujengwi kwa maji na hewa tu, bali hunyonya pia chakula kilichomo udongoni, hasa naitrojeni na fosforasi. Chakula hicho huzunguka: hutoka udongoni kikaingia katika mmea, hutoka katika mmea kikaingia katika mnyama, kisha hurudi udongoni kwa samadi na kwa kuoza. Mzunguko huo ukikatwa, shamba huwa maskini. Habari za nchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini, zatufundisha jambo hili waziwazi.

Pwani ya Peru ni kavu, lakini bahari yake ina utajiri. Maji baridi hupanda kutoka vilindini, yakileta juu chakula cha mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Kutokana na mimea hiyo huishi samaki wadogo waitwao anchoveta, wafananao na dagaa; na samaki hao huliwa na minandi na ndege wengine wa baharini. Ndege hulala na kutaga katika visiwa vidogo, na mavi yao hurundikana huko. Kwa kuwa hakuna mvua ya kuyaosha, katika Visiwa vya Chincha marundo yake yalipita kimo cha mita 30. Mbolea hiyo huitwa guano.

Watu wa kale wa Peru waliijua thamani yake. Garcilaso de la Vega, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Inka, aliandika katika kitabu kilichochapwa mwaka 1609 kwamba kila jimbo lilikuwa na sehemu yake ya visiwa, na mtu aliyeua ndege, au kukanyaga kisiwani wakati wa kutaga, alihukumiwa kufa. Sheria hiyo ilikuwa kali, lakini maana yake ni dhahiri: atakaye mayai hamchinji kuku.

Mwaka 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt aliiona guano, akaipeleka kidogo Ulaya ipimwe. Tangu mwaka 1840 merikebu zikaanza kuichukua kwa wingi. Mashamba ya Uingereza yalikuwa yamechoka, kwa maana mazao yalikwenda mijini, na uchafu wa mijini ukatupwa mitoni. Basi kwa muda wa miaka 40 zaidi ya tani milioni 10 zilisafirishwa. Wengi wa wachimbaji walikuwa vibarua kutoka China, waliofungwa kwa mikataba mizito. Vumbi liliwachoma macho na mapafu, walipigwa, na wengine wakajiua. Mwaka 1864 Hispania iliviteka visiwa kwa silaha. Serikali ya Peru ilipata fedha nyingi, ikakopa nyingi zaidi. Marundo yakaisha, na mwaka 1876 ikashindwa kulipa madeni yake.

Hapo ndipo hekima ya kale ilipokumbukwa. Mwaka 1909 iliundwa kampuni ya guano, ikaweka walinzi visiwani, na ndege wakaongezeka hata wakapita milioni 20 katikati ya miaka ya 1950. Lakini watu wakaanza kuwavua anchoveta na kuwasaga kuwa unga wa kulishia kuku na nguruwe wa nchi za mbali. Bahari ilipopata joto mwaka 1965, maji baridi hayakupanda vema, na ndege wengi mno walikufa kwa njaa. Mwaka 1972 joto liliporudi, samaki wenyewe wakaadimika.

Ndugu msomaji, sisi hatuna visiwa vya guano. Lakini zizi tunalo, na majivu ya jikoni, na mabua ambayo twayachoma bure kila mwaka. Kila kitokacho shambani chatafuta njia ya kurudi. Tusiizibe njia hiyo, tusije tukawaachia watoto wetu udongo mtupu.